Mzee wa Mlango wa Jikoni

Tik. Tik. Tik.

Nikafumbua macho gizani. Mwanzoni nilidhani ni bomba la bafuni, lile lisilokubali kufungwa vizuri. Nikasikiliza tena. Tik. Tik. Halafu harufu ikanifikia, nikaruka kitandani bila hata kutafuta kandambili.

Baba mkwe wangu alikuwa amesimama jikoni, mikono ya shati la kulalia kaikunja mpaka kwenye viwiko. Swichi zote nne za jiko la gesi zilikuwa wazi, gesi inafoka, naye anabonyeza kile kitufe cha cheche ambacho, kwa bahati yetu, kiliharibika tangu mwaka jana. Kinalia tu, hakiwashi.

Nilifunga swichi, nikafunga mtungi, nikafungua dirisha na mlango wa uani. Mwanangu wa miaka mitano alikuwa amelala chumba cha pili, ukuta mmoja na jiko. Nilirudi nikamshika Baba mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Oveni imegoma," akaniambia kwa utulivu. "Mwambie bosi watu watakosa mkate leo."

"Nitamwambia, Baba."

"Usiseme utamwambia. Nenda."

Baba alioka mikate miaka thelathini na minane. Akiamka sisi wengine bado tunageuka upande wa pili, anakanda, anakata, anapanga kwenye trei, na kunapopambazuka yeye siku yake imeshafika katikati. Kisha wenye kiwanda wakaleta mashine, mama mkwe akatutoka, na miaka miwili iliyopita Baba akaanza kusahau. Alianza na miwani, ikafuata njia ya kurudi nyumbani, nikafuata mimi. Siku nyingine mimi ni mkwewe, siku nyingine ni yule msichana wa kaunta anayechelewa kazini. Nimezoea kuwa wote wawili, ingawa msichana wa kaunta anagombezwa zaidi.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Huja nyumbani kila baada ya siku kumi, analala kama gogo, anacheza na mtoto, anaondoka. Mimi nafanya kazi duka la miwani, nasaga vioo na kubadilisha fremu, na jioni tatu kwa wiki nakwenda masomo ya watu wazima. Mchana Baba alibaki na redio, na jirani wa mlango wa pili akichungulia kila alipokumbuka. Ndivyo tulivyoishi, na tulijiona tunaishi vizuri, mpaka asubuhi ile ya gesi.

Nilimpigia mume wangu, naye akampigia dada yake. Saa mbili haijagonga, wifi yangu akanipigia mimi.

"Wifi, nisikilize vizuri. Baba nakuja kumchukua mwenyewe. Jumamosi, wiki mbili kutoka leo, na gari."

"Kwako atashinda na nani? Na wewe si unashinda kazini?"

"Atakaa chumba cha uani. Nimeshamwita fundi aweke komeo."

"Komeo la ndani?"

"La nje, wifi. La ndani litasaidia nini?"

Na mimi asubuhi ile ile nilikuwa nimeutazama mlango wa jikoni nikawaza komeo. Wifi yangu si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka, anayependa jambo liishe. Na nyuma yake alikuwepo kaka mkubwa wa Baba, ambaye ukoo mzima tunamwita Ba'mkubwa, ambaye alikuwa ameshatoa neno lake: mzee wao halelewi na watu baki. Kama binti hawezi, basi mkwe aache kazi na hayo madaftari yake ya usiku akae nyumbani.

Mume wangu aliniuliza kwa simu, lori likinguruma nyuma yake, "Wewe unaonaje?"

"Naona nina wiki mbili," nikamwambia. "Nipe hizo."

"Chukua. Ila usiniambie Ba'mkubwa nimtulize mimi. Huyo hata honi ya lori haimstui."

Siku hiyo hiyo, kama kwa kupangwa, akaja dukani mama mmoja mteja wetu wa kudumu. Kila mwezi huyu mama huleta miwani iliyovunjika mkono. Mtaa mzima unamwita Nesi, kwa sababu alikuwa nesi kabla ya kustaafu.

"Imekaliwa tena?" nikamwuliza.

"Imekaliwa, na aliyeikalia anakana. Bibi mmoja hapo kwangu, tunamwita Redio. Anasema miwani ndiyo iliyomfuata chini."

"Hapo kwako wapi?"

Ndipo akanieleza. Alikuwa na nyumba ya vyumba vinne na baraza, mitaa mitatu kutoka dukani. Wazee kumi na sita huletwa asubuhi na watoto wao, wanashinda pale, wanakula, wananyoosha viungo, wanameza dawa kwa saa zake, wanabishana, kisha wanafuatwa. Nikamwuliza kwa aibu kama ni mahali pa kuwaacha wazee.

"Kuwaacha?" Akacheka. "Mwanangu, mimi silazi mtu. Kitanda nilicho nacho ni kimoja, cha kupimia presha. Mzee wako anashinda kwangu kama wewe unavyoshinda hapa na vioo vyako. Kwani wewe umeachwa hapa?"

Nilimtengenezea mkono wa miwani, nikamwahidi kumleta Baba Jumatatu.

Jumatatu nilimwandaa Baba kama bwana harusi. Koti lake la rangi ya kahawia, shati jeupe, viatu nilivyovipiga brashi mpaka vikameta, kofia. Mkononi nikampa bahasha ya kadi zake za kliniki ili Nesi aone dawa anazotumia. Nilitaka wamwone ni mtu wa watu, anayetoka nyumba inayomjali. Nesi akampokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti karibu na mlango, nami nikaenda kazini nikiwa mwepesi kama niliyeshusha gunia.

Nilipomrudia, alikuwa kwenye kiti kile kile. Koti amefunga vifungo vyote. Kofia magotini, bahasha juu ya kofia. Nesi alinivuta pembeni. Alikataa chai, alikataa chakula, alikataa hata kwenda kuketi barazani na wenzake. Kila alipoombwa asogee alijibu kwamba hawezi kuacha nafasi yake.

Tulipofika mlangoni kwetu akasimama.

"Tangu asubuhi," akasema. "Tangu asubuhi nimekaa foleni. Watu wanaingia, wanatoka, wanacheka, wanakula. Hakuna aliyeniita jina. Nimekosa nini mimi?"

Sijui kama nimewahi kuona haya namna ile. Nilimvua viatu, nikampa uji, akalala bila kumaliza.

Jumanne nilipochukua lile koti akashika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Mikono iliyokanda unga miaka yote ile, ikishika kitu huibandui. "Sipangi foleni tena," akasema. Jumatano vile vile. Nikaomba ruhusa kazini, nikakosa na masomo, nikashinda nyumbani nikimtazama akizunguka kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani.

Wifi akapiga. "Vipi, chekechea imemkubali mwanafunzi?"

"Bado tunajaribu."

"Wifi, nakupenda, lakini wewe unasoma sana. Mtu mzima hapelekwi kucheza. Umemvalisha baba yetu koti umempeleka akae na vikongwe wapige makofi. Angekuwa na akili zake angekucharaza."

"Angekuwa na akili zake tusingekuwa tunaongea haya."

"Haya. Jumamosi ni Jumamosi."

Nilikata simu nikakaa sakafuni, karibu na mwanangu aliyekuwa akipanga vifuniko vya soda kwa rangi zake. Babu yake humwita Hamira, kwa sababu ukimweka mahali ukigeuka huku na huku unakuta amepaa juu ya kabati. Siku hizi mtaa wote unamwita hivyo, na mimi ni Mama Hamira.

"Babu anaumwa?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Haumwi. Kwa nini?"

"Jumatatu alivaa nguo za hospitali."

Nikamtazama. Akanifafanulia kwa subira, kama mtu anayeongea na mgeni wa mji. "Lile koti. Na ile bahasha. Si ndiyo anavaa akienda hospitali? Halafu anakaa, anakaa, mpaka wamwite."

Nikashika kichwa. Miaka miwili Baba hakuvaa koti lile kwenda popote isipokuwa kliniki. Kwenye kiti karibu na mlango, na bahasha mkononi, alifanya kile ambacho mtu mwenye adabu hufanya: alingoja zamu yake. Kosa lilikuwa la kwangu. Nilikuwa nimemvalisha awe mgonjwa, na akawa mgonjwa hodari kuliko wote.

Mwokaji haendi kazini na koti. Haendi saa mbili asubuhi, na wala haingii kwa mlango wa mbele.

Jioni ile sikwenda masomoni tena, nilikwenda kwa Nesi. Nilimkuta jikoni na mpishi wake, mama mnene mwenye sauti ya spika, wanahesabu viazi vya kesho.

"Mkate mnanunua au mnaoka?" nikauliza.

"Tunaoka," akajibu Nesi. "Ila usiwaulize wazee maoni yao."

"Mama, umekuja kunisema mimi au mkate wangu?" Mpishi akaweka kisu chini, akanigeukia.

Nikawaeleza. Niliomba Baba aje saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wengine, apitie mlango wa jikoni, apewe aproni na bakuli la unga. Basi. Nesi alinisikiliza, mpishi akatikisa kichwa tangu sentensi ya kwanza.

"Hapa kuna oveni, kuna visu, kuna mafuta ya moto. Wewe mwenyewe umesema alitaka kulipua nyumba. Leo unaniletea mimi? Jiko langu si uwanja wa kujaribia wazee."

"Sitaki aguse moto," nikasema. "Mikono tu."

"Na akitaka moto?"

"Mwambie moto ni kazi yako. Mahali alipofanya kazi, wa unga hakugusa oveni na wa oveni hakugusa unga. Ilikuwa sheria. Alitusimulia mara mia."

Mpishi akamtazama Nesi. Nesi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Siku moja," akasema. "Na mimi nitakuwepo hiyo saa kumi na mbili, ingawa magoti yangu hayaamki kabla ya saa moja."

Alhamisi sikumgusia Baba koti. Nilimwekea kitandani suruali ya zamani, fulana nyeupe, na viatu vya turubai vilivyochanika kidoleni. Nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti ya yule msichana wa kaunta, "Mzee, tumechelewa."

Aliinuka. "Tumechelewa kwa sababu yako," akasema, akaanza kukunja mikono ambayo fulana haina.

Tulipita uchochoro wa nyuma, Hamira katikati yetu, anapiga miayo. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, taa inawaka, mpishi amesimama kama askari wa zamu. Baba hakumsalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba, akanawa mpaka viwiko, akakausha, akafungwa aproni. Kisha akaingiza mkono kwenye beseni la unga ambao mpishi alikuwa ameukanda usiku. Akauminya. Akaunusa. Akageuka.

"Nani kaua unga huu?"

Mpishi akafungua mdomo. Nesi, kwenye kigoda chake pembeni, akajifunika uso kwa kanga akitetemeka kwa kicheko.

"Mzee, huo unga nimeukanda mimi."

"Hujaukanda. Umeupiga. Kakukosea nini? Leta maji vuguvugu. Vuguvugu, si ya kuchemsha kuku."

"Ya kuchemsha kuku!" mpishi akasema, akimtazama Nesi kama anayetaka shahidi. Lakini maji alileta.

Nikamwona Baba akikanda. Mgongo wake, ambao nyumbani umepinda kama mpini wa mwavuli, ulinyooka kiasi kwamba ilibidi nihakikishe ni yeye. Anasukuma kwa kiganja, anakunja, anageuza, anasukuma, na meza inalia kwa mpigo mmoja. Alimaliza akabonyeza kidole katikati ya unga, akangoja kidogo kitundu kijirudishe. Kikajirudisha. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Wa oveni yuko wapi?"

"Mimi hapa," akasema mpishi.

"Wewe? Haya. Mimi sikuingilii, na wewe usiniingilie."

"Nani atakuingilia, mzee wewe mwenye maneno."

Mchana Nesi alinipigia dukani. Baba amekula. Amekula mara mbili, tena kwenye baraza, na wenzake, kwa sababu alitaka kuwaona watu wakila mkate wake. Bibi Redio amemwambia chumvi imezidi, yeye akamwambia meno ndiyo yamepungua, na tangu saa tano hawajaachana kubishana.

Nilikuwa na kioo cha mteja mkononi. Nilikiweka chini kwanza, nisije nikakivunja kwa furaha.

Nisiseme uongo: kichwa chake hakikurudi. Ijumaa aliniita kwa jina la marehemu mkewe, akaniuliza kwa nini nimekonda hivi. Jumatatu alilia mezani akitafuta ufunguo wa nyumba iliyouzwa zamani. Jumanne alikataa kuvaa viatu, akaenda na kandambili zangu za rangi ya waridi, na pale jikoni hakuna aliyemcheka isipokuwa Hamira. Lakini usiku alilala. Mtu aliyesimama mezani tangu alfajiri, akala, akabishana, akanyooshwa viungo na kijana wa mazoezi, akizimiwa taa hana haja ya kuzurura. Mtungi nilikuwa naufunga kwa kufuli na ufunguo naulalia, na mara zote nilizoamka kusikiliza nilisikia akikoroma. Mimi nikarudi shule. Mwalimu akaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa kwenye mazoezi ya vitendo.

Wifi hakungoja Jumamosi. Alhamisi ya wiki ile ya pili, saa sita mchana, aliingia dukani na miwani ya jua, funguo za gari kidoleni. Hamira alikuwa ametoka shule, amekaa chini ya kaunta anachora.

"Shangazi!"

"Njoo hapa, mtundu wewe." Akamwinua, akambusu, kisha akanigeukia bila kumshusha. "Nimepita nyumbani. Kufuli. Baba yuko wapi?"

"Yuko kituoni. Karibu kwanza, upate maji."

"Maji nitakunywa njiani. Twende, nimeshaweka godoro nyuma ya gari."

Nikamwomba bosi wangu nusu saa. Njiani, Hamira akiwa kiti cha nyuma, wifi aliongea yeye peke yake. Kwamba mama yao alifariki yeye akiwa mbali, akafika kaburi limeshafukiwa. Kwamba watu walimtazama. Kwamba hatakubali mara ya pili waseme ana baba lakini kamwachia mke wa kaka. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga kwa mistari kama insha. Nikayaacha. Sikuwa nimejua kwamba habari ya kaburi bado inamuuma.

"Tupite mlango wa nyuma," nikasema tulipofika.

"Kwa nini nyuma? Kuna nini mbele mnachoficha?"

"Basi tupite mbele."

Tukapita mbele. Barazani kulikuwa na wazee kama kumi. Wawili wanacheza karata na kutuhumiana wizi, mmoja anapimwa presha, Bibi Redio anawasomea wengine gazeti la wiki iliyopita na kuongeza yasiyoandikwa. Wifi alisimama, akavua miwani ya jua. Nesi akaja na mkono wa salamu, na wifi akamkabili kwa maswali kabla hata ya kuketi.

"Akitoka nje ya geti?"

"Geti lina kengele na lina mtu. Tangu nianze ametoka mmoja, akafika kwa muuza vocha hapo kona, akarudishwa."

"Akianguka?"

"Kuna wanaoanguka. Ndiyo maana kila asubuhi tunawafanyisha mazoezi ya miguu, na nina gari la jirani na namba za watoto wao wote ukutani. Yako haipo. Niandikie."

Wifi akamtazama. Akaandika.

"Na yeye mwenyewe anajua yuko wapi?"

"Mwulize," akasema Nesi. "Yuko jikoni."

Mkate wa chai ya saa kumi ulikuwa unatoka kwenye oveni. Mpishi anatoa trei, Baba amesimama upande wake wa meza, unga mpaka kwenye nyusi, haingilii. Alitutazama sote watatu. Macho yakapita kwa mwanawe bila kusimama, nami nikaona bega la wifi likishuka.

"Baba," akasema. "Shikamoo, Baba. Ni mimi. Nimekuja kukuchukua."

"Umechelewa," akasema Baba. "Nawa mikono."

Wifi akanigeukia. Sikumsaidia. Akaweka funguo za gari kwenye dirisha, akavua saa na bangili, akanawa. Baba akamsukumia donge. Wifi akaanza kulisukuma, kwa kiganja, kunja, geuza, sukuma, na mpishi akaguna kwa mshangao.

"Huyu kafundishwa," akasema.

"Kafundishwa na nani?" Baba akauliza, akimkagua kucha.

"Na baba yangu," wifi akajibu.

"Baba yako anajua kazi."

Wifi akainamisha uso juu ya donge, akaendelea kukanda zaidi ya unga ulivyohitaji. Baba akamwacha. Mikate ilipopoa kidogo, akachukua mmoja, akaugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole kama mtu abishaye hodi, akausogeza kwenye sikio la wifi. Alingoja, kichwa kakiinamisha upande, asikie atasema nini.

"Umeiva," wifi akasema kwa sauti ndogo.

"Umeiva," Baba akakubali, akauweka kwenye rundo la walioiva.

Tulikaa pale zaidi ya nusu saa niliyoomba. Wifi aliuliza maswali mengine, ya dawa, ya choo, ya nani anamkata kucha. Aliuliza pia kama kuna kituo kama hiki upande wa kwake. Nesi akasema yeye anakifahamu kimoja, lakini mzee akishazoea mlango mmoja si vizuri kumbadilishia. "Wewe njoo hapa," akamwambia. "Mikono yako naona inatakiwa."

Tulipotoka, Baba hakugeuka kutuaga. Alikuwa akimgombeza mpishi kuhusu kitambaa cha kufunikia unga. Wifi alisimama kando ya gari, akafungua buti, akalitazama lile godoro alilosafiri nalo. Akafunga buti.

"Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi," akasema. "Nalala kwenu. Asubuhi nampeleka mimi, kwa mlango wa nyuma."

"Godoro unalo," nikasema. "Liache kwetu."

Akacheka, akajifuta unga shavuni, akaueneza zaidi. Simu yake ikalia. Mikono ilikuwa bado na unga, akabonyeza spika kwa kifundo cha kidole, na sauti ya Ba'mkubwa ikajaza barabara nzima.

"Umeshamchukua?"

"Sijamchukua, Ba'mkubwa."

"Hujamchukua? Kwa hiyo mko wapi sasa hivi?"

"Tumetoka hapo kituoni. Yuko salama. Nimemwona kwa macho yangu."

"Mmetoka, yeye yuko ndani? Mmemwacha? Nyinyi watoto mmekwenda wawili wazima, mmemtupa mzee kwa watu baki mkafunga mlango?"

Mimi nikavuta pumzi nianze yale maneno yangu ya insha. Lakini Hamira alikuwa ameshapanda kwenye bampa, kinywa chake kikawa sawasawa na simu.

"Babu anarudi jioni," akasema.